Mkono wa Radi

Wahenga hawakuwa madaktari, lakini waliyajua maradhi. Walimwona mtu akijifunika shuka hadi kidevuni, akisema "sijambo, sijambo" huku homa inamtafuna, mpaka siku majirani walipokurupushwa na vilio. Ndipo wakatuachia neno: mficha maradhi, kilio humuumbua. Wala hawakukusudia homa peke yake. Kosa nalo ni maradhi. Kutojua nako ni maradhi, tena hayo ndiyo tunayoyafunika kwa shuka nzito zaidi, kwa kuwa kila mtu anapenda kuonekana anajua. Msichana wa hadithi hii alikuwa na maradhi hayo ya kutojua, na shuka yake ilikuwa nzuri sana.

Alikuwa msanifu wa jarida la muziki wa roki lililoitwa Mngurumo. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu. Kuta zilijaa picha za wanamuziki wenye nywele timtim, na juu ya kabati palikuwa na spika kubwa iliyokuwa haifungwi mdomo tangu asubuhi hadi jioni. Kabla ya kuja hapo alikuwa akisanifu karatasi za kufungia sabuni. Ndiyo maana mwandishi wa jarida, kijana mwenye maneno mengi ambaye wote walimwita Kasuku, alimbandika jina la Binti Sabuni siku ya kwanza tu, na jina likaganda. Hakuchukia. Alikuwa radhi kuitwa hata Beseni, mradi asifukuzwe.

Mhariri alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti nene na moyo mpana, na ofisi nzima ilimwita Shangazi. Siku ya usaili alimuuliza swali moja tu.

"Kazi zako nimeziona, ni nzuri. Roki unaipenda?"

"Nimelelewa nayo," akajibu, bila hata kupepesa macho.

Uongo mtupu! Alilelewa na mama yake, fundi cherehani, na kelele alizozizoea ni za cherehani hiyo na redio ya taarifa ya habari. Roki kwake ilikuwa kama mabati yanayoezuliwa na upepo. Lakini alikuwa amechoka kuchora mapovu. Alitaka kazi yake itundikwe madukani, watu wasimame waitazame. Basi akajisemea kwamba roki si kitu cha kumshinda, ataisoma taratibu, na hakuna atakayejua.

Shangazi akampa nafasi kwa majaribio. "Toleo lijalo jalada ni lako," alimwambia. "Likienda vizuri, unabaki nasi. Lisipokwenda vizuri, tutaagana kwa amani." Mama yake aliposikia hivyo alitangaza mtaa mzima kwamba binti yake amepata kazi kwenye jarida, na lile neno la majaribio akalimeza. Tangu hapo msichana akawa anaishi roho juu juu. Wenzake wakicheka, alicheka. Wakitaja jina la mwanamuziki, alitikisa kichwa kwa kuguswa, hata kama jina hilo ndiyo kwanza analisikia. Jioni mama yake alikuwa akimuuliza, "Kazi inaendaje, mwanangu?" naye akijibu, "Salama, mama," na kuingia ndani upesi asije akaulizwa la pili.

Siku ya kupanga toleo ikafika. Shangazi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Jalada ni la Radi," alisema, kisha akamgeukia. "Binti Sabuni, Radi unamjua?"

"Nani asiyemjua Radi!"

"Haya, basi sina haja ya kukueleza."

Ndivyo mdomo wa Shangazi uliokuwa tayari kumwambia kila kitu ulivyofungwa, na aliyeufunga ni msichana mwenyewe. Alijua tu kwamba Radi ni mwanamke, kwa sababu picha aliyoletewa ilimwonyesha mwanamke. Ilikuwa picha ya kutisha kwa uzuri. Radi alikuwa amejikunja kwa nyuma jukwaani, macho kayafumba, nywele zimefunika nusu ya uso, gitaa jekundu kifuani. Alipoiweka chini ya jina la jarida, herufi nyeupe juu ya giza la jukwaa, alicheka peke yake kwa furaha. Shangazi aliliangalia jalada hilo kwenye kompyuta kwa muda mrefu.

"Umeniweza," alisema mwishowe. "Usiguse kitu."

Laiti mambo yangeishia hapo! Alasiri ya siku ya kupeleka jalada kwenye kiwanda cha uchapaji, Shangazi akiwa safarini kutafuta matangazo, simu ililia. Sauti yake ilikatikakatika.

"Binti Sabuni, kuna shindano la wasomaji kujishindia gitaa. Nataka litajwe kwenye jalada. Liweke kushoto, unanisikia? Wauza magazeti wanayalaza majarida moja juu ya jingine, kinachoonekana ni ukanda wa kushoto tu."

"Kushoto kuna shingo ya gitaa, Shangazi."

"Tafuta nafasi, nakuamini. Kiwandani wanasubiri."

Simu ikakatika. Alijaribu kuyapachika maneno juu ya shingo ya gitaa, hayakusomeka. Aliyapunguza, yakawa kama mchwa. Ndipo akakumbuka dawa ya zamani ya kwenye sabuni. Ua likikukalia vibaya, unaligeuza kama linavyoonekana kwenye kioo, na ua hubaki ua. Akabonyeza mara moja tu. Shingo ya gitaa ikahamia kulia, kushoto pakabaki giza tupu lililosubiri maneno. Yakakaa vizuri kana kwamba yalizaliwa hapo. Wala hakuwa mzembe. Aliikagua picha yote kutafuta herufi zilizogeuka, maana kule kwenye sabuni herufi moja iliyotazama nyuma iliwahi kumfukuzisha mtu kazi. Hakuona hata moja. Fulana ya Radi ilikuwa nyeusi tupu, na mikono ni mikono. Akalipeleka jalada kiwandani na kushusha pumzi.

Kesho yake asubuhi alikaa kuzipanga kurasa za ndani. Mahojiano ya Radi yaliandikwa na Kasuku, naye aliyamwaga maneno kwenye kurasa bila kuyasoma, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kurasa zikabakiza uwazi mmoja, na uwazi kama ule hujazwa kwa kuchagua sentensi moja kali na kuikuza. Kuichagua lazima usome. Akaanza kusoma.

Radi alikuwa na shoto. Tangu utotoni alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, kijiko, kalamu, fagio, na kila mtu alimkemea. Mama yake alifikia kuufunga mkono ule kwa kitambaa mchana kutwa ili auzoee wa kulia. Alipolipenda gitaa, mwalimu wa kwanza alimwambia arudi akijua kulishika kama watu wengine. Hakurudi. Aligeuza gitaa, akazipanga nyuzi upya kinyume, na kwa mkono ule ule uliofungwa akawa Radi. Kila onyesho lake, Kasuku aliandika, hufungwa kwa kiapo ambacho mashabiki wanakijua kwa moyo na hukiitikia kwa pamoja: "Siku mkiniona nalipiga gitaa kwa mkono wa kulia, jueni nimekufa, mnizike."

Msichana alihisi kiti kinamkimbia. Alifungua jalada. Radi wake, mzuri, macho kayafumba, alikuwa akilipiga gitaa kwa mkono wa kulia.

Alikimbilia ngazini, mbali na ile spika, akampigia msimamizi wa kiwanda. Jalada limechapwa? Bado, alijibiwa, mashine zitawashwa mchana.

"Naomba mlisimamishe, kaka yangu. Nataka nilete jingine."

"Dada, unajua utaratibu wetu na jarida lenu. Jalada likishapokelewa, halisimamishwi ila kwa neno la mhariri mwenyewe. Mwambie anipigie, basi. Ni simu moja tu."

Simu moja tu. Shangazi alikuwa amekwisharudi, mlango wake uko wazi, hatua chache kutoka pale. Msichana alikwenda mpaka kizingitini. Alikwisha kuyapanga maneno: Shangazi, nimekosea, niligeuza picha. Lakini aliona swali litakalofuata. Ulimgeuzaje Radi, wewe uliyelelewa na roki? Kosa moja lingevuta jingine mpaka shuka nzima ianguke.

Shangazi aliinua macho, akatabasamu. "Ingia, mwanangu. Nilikuwa nakuwaza wewe. Nilipokuajiri, wengine walinicheka, eti namleta mtu wa sabuni kwenye roki. Nikawaambia huyu ni damu yetu." Akamkazia macho. "Mbona rangi imekutoka? Unaumwa?"

"Kichwa tu, Shangazi."

Shangazi alifungua mtoto wa meza, akamtolea kidonge na kummiminia maji. Msichana akameza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, akashukuru, akatoka. Mchana ulipofika alikaa mbele ya kompyuta akijua kwamba mahali fulani mashine zimewashwa. Alijipa moyo kwa kila namna. Watu hawatazami mikono, wanatazama uso. Picha ni giza. Nani atajali? Alijikaza kisabuni, lakini chakula hakikupita. Jioni mama yake alimuuliza kazi inaendaje, akasema salama. Mama alimtazama kwa muda, sindano mdomoni, kisha akarudi kwenye mshono wake.

Jarida lilitoka. Kwa kawaida yao kiwanda kilipeleka nakala madukani kwanza, za ofisini zikaja baadaye. Binti Sabuni alipita mbele ya kibanda cha magazeti na kuliona jalada lake limetundikwa juu kabisa. Watu walikuwa wamesimama wakilitazama, kama alivyoota siku zote. Wawili walikuwa wakionyeshana kitu kwa kidole. Hakusubiri kujua ni kitu gani.

Ofisini alimkuta Kasuku ameinamia simu yake, uso umemkunjamana.

"Jamani, mashabiki wana wazimu leo. Sikilizeni: 'Radi ameshika kulia. Tumzike.' Na huyu: 'Buriani, dada yetu.' Wanatania nini?" Akaendelea kusoma, sauti ikapungua. "Huyu hatanii. Anauliza mazishi ni lini."

"Mazishi ya nani?" Shangazi alitoka chumbani kwake. "Nipe hilo jarida nilione."

"Nakala zetu hazijafika."

Msichana aliibana mikono katikati ya magoti. Hata sasa alikuwa na nafasi. Hata sasa! Lakini aliinama akajifanya anatafuta kalamu, na hapo wote wakasikia sauti kutoka ngazini.

Kilikuwa kilio. Si cha kuigiza wala cha hasira, bali kile cha mama aliyefiwa, ambacho mtu akikisikia mara moja hakisahau. Kilipanda ngazi taratibu, kikisimama kila pumzi ilipokata, kikaanza tena. Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja mtu mzima aliingia akishikiliwa na jirani yake, nguo za nyumbani, miguu peku, jarida limekunjwakunjwa mkononi.

"Nyinyi ndio mliotangaza," alisema. "Majirani wananipa pole, na nimempigia mwanangu simu haipatikani. Nionyesheni alipolazwa. Sitaki mengine, nionyesheni tu Radi wangu alipolazwa."

Kasuku akaifunika simu yake mezani. Mtu fulani akaizima spika. Shangazi alilichukua jarida polepole kutoka mkononi mwa yule mama, akalinyoosha, akalitazama.

"Hii siyo picha niliyoipitisha," alisema kwa sauti ndogo.

Yule mama alikuwa ameanza kuteleza kuelekea sakafuni. Hapo ndipo shuka ilipoanguka. Msichana alijikuta amepiga magoti mbele yake, amemshika mikono yote miwili, analia yeye pia.

"Mama, hajafa! Mama, nisikilize, mwanao hajafa. Ni mimi niliyeigeuza picha. Nilitaka nafasi ya maneno. Sikujua habari za mkono wake, sikujua chochote. Hajafa, mama yangu, ni mimi."

Shangazi alikuwa tayari anampigia mwenye studio ambako Radi alikuwa akirekodi tangu alfajiri, simu za wanamuziki zote zimezimwa kama wafanyavyo siku za kurekodi. Kasuku alitumwa kwa teksi amlete Radi. Katika kungoja kule, yule mama alikaa kwenye kiti cha msanifu, anatazama mlango, haamini. Mtu akiambiwa kwamba mwanawe yu hai baada ya kuambiwa amekufa, hushika la kwanza mpaka aone kwa macho.

"Ulijua lini?" Shangazi aliuliza bila kumtazama msichana.

"Nilipopanga kurasa."

"Kabla ya kuchapwa au baada?"

Angeweza kusema baada. Neno lilikuwa pale pale, jepesi, na hakuna ambaye angebisha. Alimtazama yule mama aliye peku.

"Kabla," akasema. "Ile siku uliyonipa kidonge."

Shangazi alifumba macho. Alionekana ameumia kuliko alivyokasirika, na msichana aliona afadhali angepigwa kofi.

Radi alipoingia, mama yake aliinuka, akaupita uso wa mwanawe, akapita mabega, akaushika ule mkono wa kushoto. Akaugeuza, akavitazama vidole vinavyozipiga nyuzi, akaubusu na kuuweka shavuni.

"Mkono huu niliufunga mimi," alisema. "Nikiogopa watu watanicheka. Leo nilipoona picha nikasema, basi, wameumaliza, nami ndiye niliyeanza."

"Yalikwisha, mama," Radi alijibu, sauti yake ndogo kuliko walivyodhani wote. "Yalikwisha zamani."

Kisha Radi akalitazama jalada lililokuwa mezani, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, halafu akamtazama msichana aliyesimama ukutani.

"Wewe hujawahi kuusikia wimbo wangu hata mmoja, sivyo?"

"Hata mmoja."

"Ungesema tu," Radi alisema. "Ningekuja nikakupigia."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomvunja msichana kabisa.

Jarida lilikusanywa madukani, Shangazi akatoa tangazo la kuomba radhi kwa Radi na kwa familia yake. Jioni alimwita msichana chumbani, akafunga mlango.

"Kugeuza picha ni kosa la kazi," alimwambia. "Ningelitibu kwa simu moja, na kesho tungelicheka. Roki nayo ningekufundisha, mimi mwenyewe nilianza nikiwa sijui kutofautisha besi na gitaa. Lakini ulisimama mlangoni pangu na ugonjwa wako, nikakuuliza unaumwa nini, ukanitajia kichwa. Huo wa kunificha sina dawa yake. Siwezi kukaa ofisini nikijiuliza kila siku ni nini kingine nisichoambiwa." Akamshika bega. "Mkono wako ni mzuri, mwanangu. Utapata kwingine. Huko utakapokwenda, ukiulizwa kitu usichokijua, sema hukijui."

Waliagana kwa kushikana mikono, kama walivyokubaliana, ila amani yenyewe haikuwepo.

Alifika nyumbani jua halijazama, amebeba rula zake na kikombe chake kwenye mfuko. Ng'ombe akivunjika mguu malishoni hujikokota zizini. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anashona gauni la mteja. Hakuinua kichwa.

"Kazi inaendaje, mwanangu?"

Neno lile la kila siku lilikuja lenyewe hadi ncha ya ulimi. Sala... Alilirudisha. Alivuta kigoda, akakaa karibu kabisa na magoti ya mama yake, akauweka mkono wake juu ya gurudumu la cherehani ili lisimame.

"Si salama, mama," alisema. "Tangu siku ya kwanza haikuwa salama. Acha kushona kidogo nikueleze."

Mama aliitoa sindano mdomoni, akaichomeka begani.

"Nilikuwa nakungoja useme," akasema. "Kila jioni nilikuwa nakungoja."

Basi akaeleza, tangu usaili hadi yule mama aliyeingia miguu peku, na kila alipotaka kujitetea alisikia kile kilio kikipanda ngazi. Kilikuwa kimemfundisha kile ambacho kuta zote zile zenye picha hazikumfundisha: mficha maradhi, kilio humuumbua.